Marc Nikkel na Nyimbo za Ibada za Wadinka: Tahakiki na Funzo kwa Walimu wa Kiswahili

Utangulizi

Thongpiny ni mtaa ulio jirani na uwanja wa ndege wa Juba, mji mkuu wa Sudani Kusini. Nilipanga chumba mtaani humo nilipokwenda kufundisha kozi fupi ya Kiswahili kwa watu wazima. Jumapili ya kwanza niliamshwa na ngoma na sauti za wanawake. Haukuwa wimbo wa kusomwa kitabuni. Mwanamke mmoja alianza peke yake, wengine wakampokea, na kila walipompokea sauti ilizidi kuwa nzito. Kesho yake nilimwuliza mmoja wa wanafunzi wangu, mtu wa makamo aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya, maana ya wimbo ule.

“Mwalimu, hii ni wimbo ya mama moja wa Bor,” akaniambia. “Iko na maneno nzito.”

Nami, kwa mazoea ya miaka mingi ya kalamu nyekundu, nikamsahihisha: “Huu ni wimbo wa mama mmoja. Una maneno mazito.” Akarudia sentensi zote mbili kwa adabu, bila kosa. Kisha akanyamaza. Nilikuwa nimepata upatanisho wa kisarufi, lakini maana ya wimbo sikuipata.

Makala haya yametokana na ukimya ule. Nilirudi nyumbani nikatafuta nani aliyewahi kuzisikiliza nyimbo hizo kabla yangu, na alizisikiliza vipi. Nikakutana na kazi ya Marc Nikkel. Lengo langu ni kuitathmini kazi hiyo: ubora wake, upungufu wake, na lile linalotuhusu sisi tunaofundisha Kiswahili, hasa wakati huu ambapo lugha yetu inapigiwa debe Sudani Kusini.

Marc Nikkel ni nani?

Marc Nikkel alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa jimbo la California mwaka 1950. Hakuwa mhadhiri wa fasihi kwa cheo. Alikuwa mwalimu wa theolojia na baadaye kasisi wa Kianglikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikwenda kufundisha katika chuo cha Askofu Gwynne kilichokuwa Mundri, kusini mwa Sudani ya wakati ule. Chuo hicho baadaye kilihamia Juba. Kazi yake ilikuwa kuwaandaa makasisi wa Kanisa la Episkopali la Sudani, ambalo lilikuwa limepata kuwa jimbo linalojitegemea mwaka 1976.

Vita vya pili vya Sudani vilikuwa vimeanza mwaka 1983. Mwaka 1987 Nikkel alitekwa na wapiganaji wa SPLA pamoja na wageni wenzake, akaachiwa baada ya majuma kadhaa. Wengi wangeishia hapo. Yeye alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akaandika tasnifu ya uzamivu kuhusu Ukristo wa Wadinka, akitumia nyimbo zao kama ushahidi mkuu. Aliikamilisha mwaka 1993. Kisha akarudi tena kwa watu wale wale, Kakuma na ndani ya Sudani. Mwaka 1998 aligunduliwa kuwa na saratani, akafariki Septemba 2000. Tasnifu yake ilitoka kama kitabu, Dinka Christianity, mwaka 2001 mjini Nairobi, na barua zake zikakusanywa katika kitabu Why Haven't You Left? mwaka 2006.

Huo ndio muhtasari wa maisha yake. Kinachonivutia kama mhakiki ni mwelekeo wa safari yenyewe. Alianza kama mtu aliyekuja kufundisha vitabu vya ibada, akamaliza kama mtu anayefundishwa na nyimbo za waumini.

Sala iliyotafsiriwa na wimbo uliotungwa

Ili tuuelewe uzito wa mgeuko huo, inafaa tukumbuke jinsi ibada ya Kianglikana ilivyojengwa. Msingi wake ni kitabu. Kitabu cha Sala cha mwaka 1549, ambacho msimamizi wake mkuu alikuwa Askofu Mkuu Thomas Cranmer, kiliitoa ibada katika Kilatini na kuiweka katika Kiingereza kilichoeleweka na watu wa kawaida. Toleo la mwaka 1662 ndilo lililosambaa duniani pamoja na meli na misheni. Huko Uingereza kitabu hicho husomwa kama fasihi. Brian Cummings, msomi wa fasihi ya Kiingereza aliyefundisha Sussex kisha York, alihariri matini za 1549, 1559 na 1662 kwa pamoja katika toleo la mwaka 2011, na kuzichunguza kwa makini yale yale ambayo wengine humpa Shakespeare. Hakuna anayemwuliza kwa nini mtu wa fasihi ashughulike na sala.

Kwetu Afrika Mashariki kitabu hicho kilikuja kwa tafsiri. Wanafunzi wetu wanamjua Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kuchapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili pamoja na mkusanyo wa ngano za Kiswahili mwaka 1870, kabla hajawa askofu. Steere alifasiri Biblia na sala, lakini pia aliketi na wenyeji na kuandika hadithi walizosimulia. Alikuwa mfasiri na msikilizaji kwa wakati mmoja. Kwa bahati mbaya tulimrithi zaidi mfasiri kuliko msikilizaji.

Kwa Wadinka, ambao wenyewe hujiita Jieng, Waanglikana walifika mwanzoni mwa karne ya 20 na kufungua kituo cha Malek karibu na Bor. Wamisionari wakafasiri sala na nyimbo. Nyimbo hizo ziliimbwa kwa mahadhi ya Ulaya. Hapa ndipo mtu wa isimu anapopaswa kusimama kidogo. Kidinka ni lugha ya toni. Tena hutofautisha maana kwa urefu wa irabu na kwa namna sauti inavyotolewa. Ukichukua maneno yake na kuyapandisha na kuyashusha kwa ngazi za wimbo wa Kiingereza, umeyaondolea sehemu ya umbo lake.

Miaka ilipita na waliobatizwa walikuwa wachache. Mwaka 1964 serikali ya Khartoum iliwafukuza wamisionari wa kigeni kusini. Ukristo ulikuja kuenea kwa kasi miongoni mwa Wadinka wa Bor katika miaka ya 1980 na 1990, yaani wakati wa vita, njaa na ukimbizi, ambapo wageni walikuwa wachache na vitabu vichache zaidi. Katika kipindi hicho zilizuka nyimbo mpya kwa mamia. Zilitungwa na waumini wa kawaida, wengi wao vijana na wanawake, kwa Kidinka na kwa mahadhi ya Kidinka. Mmoja wa watunzi mashuhuri ni Mary Alueel Garang, aliyeanza kutunga katika miaka hiyo ya 1980. Wimbo wake mmoja uliojulikana sana unakitazama kifo kama kitu kilichoifichua imani, wakati ambapo wengi wangekiona kama ushahidi kwamba Mungu amewatupa.

Ubora wa kazi ya Nikkel

Ubora wa kwanza ni kwamba Nikkel aliwatambua watunzi kuwa watunzi. Katika vitabu vingi vya watafiti wa zamani, wimbo wa Kiafrika hauna mwenyewe, ni “wimbo wa kabila fulani.” Nikkel anataja mtu, mahali na tukio. Anauliza wimbo ulitungwa njaa ipi ilipokuwa, shambulio lipi lilipotokea, mtunzi alikuwa njiani kutoka wapi. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anajua jinsi taarifa za namna hii zinavyokosekana katika mikusanyo yetu wenyewe.

Ubora wa pili ni kwamba aliziona nyimbo kuwa fikra. Hakuzichukulia kama pambo la ibada. Mahubiri hutolewa na kasisi, na sala husomwa kitabuni, lakini katika kanisa lisilo na vitabu vya kutosha wimbo ndio unaokaririwa na kwenda na mtu. Aliyekimbia Bor hakubeba maktaba, alibeba wimbo. Kwa hiyo, kama tunataka kujua watu hawa walifikiri nini kuhusu Mungu, ng'ombe waliopotea, wazee waliokufa na miungu ya mababu, basi matini ya kusoma ni nyimbo hizo. Huu ni uamuzi wa kihakiki, na kwa maoni yangu ni uamuzi sahihi.

Ubora wa tatu ni uvumilivu. Nikkel hakufika na kinasa sauti kwa majuma mawili. Alirudi kwa watu wale wale kwa takriban miaka ishirini, na alirudi hata baada ya kutekwa. Sisemi kwamba kila mtafiti ayahatarishe maisha yake. Nasema kwamba nyimbo za msiba hazifunguki kwa mtu anayetazama saa.

Upungufu

Tahakiki isiyotaja upungufu ni risala ya sifa. Nataja mambo mawili.

La kwanza ni la fani. Mkazo wa Nikkel ni historia na theolojia, na kitabu chake ni cha Kiingereza. Anapochambua wimbo, anatuonyesha zaidi unasema nini kuliko unavyosema. Msomaji anayetaka kujua mizani, urari, takriri, mahali ambapo kiongozi huachia na kundi hupokea, au uhusiano wa toni ya neno na toni ya mahadhi, anabaki na kiu. Tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba fani na maudhui ni kama pande mbili za sarafu moja. Kwa nyimbo za Wadinka upande mmoja umeandikwa vizuri. Upande wa pili unamngoja mtu wa lugha, na ingefaa awe mzawa wa lugha hiyo.

La pili ni zito zaidi, na simlaumu marehemu kwa hilo kwa kuwa mengine yalitokea baada yake. Nyimbo alizozichunguza zinaomboleza wafu wa watu wake. Mwaka 1991 Wadinka wa Bor waliuawa na kufukuzwa makwao na wapiganaji ambao wengi wao walikuwa Wanuer. Maombolezo yaliyofuata ni ya haki. Lakini usiku wa tarehe 15 Desemba 2013 mapigano yalizuka Juba, na safari hii raia wa Kinuer ndio waliouawa mitaani. Maelfu, wengi wao Wanuer, walikimbilia kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa iliyoko hapo hapo Thongpiny, wakaishi humo kwa miezi katika matope na msongamano kabla ya kuhamishwa mwaka 2014.

Kwa hiyo msomaji wa leo hana budi kuuliza swali ambalo kitabu hakiulizi: je, wimbo wa kuomboleza wafu wangu waweza kuwa wimbo wa kuomboleza wafu wa jirani yangu? Unaimbwa kwa lugha ipi? Kila jamii ina nyimbo zake na machozi yake. Nilipokumbuka ngoma zile za Jumapili, nilijiuliza ni nani mwingine mtaani aliyekuwa akizisikia, naye zilimwambia nini.

Kiswahili kiko wapi?

Hapa ndipo watetezi wa Kiswahili huinua mkono haraka. Sudani Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Husemwa kwamba Kiswahili, kwa kuwa si cha kabila lolote kule, kitawaunganisha wote. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na ningependa iwe hivyo, lakini nina wasiwasi na hoja yenyewe. Lugha isiyo ya mtu yeyote haiombolezi. Tena Juba tayari ina lugha ya kuwakutanisha watu sokoni na njiani, yaani Kiarabu cha Juba. Kiswahili hakifiki mahali patupu.

Kinafika, hata hivyo, mahali ambapo kina ndugu. Maelfu ya watoto wa Sudani Kusini walisoma Kakuma, katika shule zilizofuata mtaala wa Kenya, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa masomo yao. Makanisani waliimba nyimbo za Kiswahili. Lakini waliimba zipi? Nyingi ni zile zinazopatikana katika kitabu maarufu cha Tenzi za Rohoni. Tukumbushane: licha ya jina lake, nyimbo nyingi za kitabu hicho si tenzi kwa maana tunayoifundisha, yaani mishororo minne yenye mizani minane minane. Ni tafsiri za nyimbo za Ulaya na Marekani. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali mahadhi ya kigeni mara nyingi huangushia pigo zito silabi ya mwisho. Tumezizoea hata hatusikii tena jinsi maneno yanavyovutwa. Tulichowapa ndugu zetu wa Kakuma kwa Kiswahili hakikutofautiana sana na kile ambacho Malek iliwapa babu zao kwa Kidinka.

Si kwamba Kiswahili hakiwezi zaidi. Historia yetu wenyewe inashuhudia. Hamziya ni tafsiri ya kasida ya Kiarabu ya al-Busiri, iliyofanywa na Aidarusi bin Athumani. Ilisomwa katika shughuli za dini pwani na bado ni mali ya ibada. Lakini Waswahili hawakuishia kufasiri. Mwanzoni mwa karne ya 19 Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akayatazama magofu ya Pate na kuyafanya yaseme na moyo wake. Utungo ule ni wa dini na ni wa fasihi, na hakuna idara inayoona aibu kuufundisha. Kiswahili kilikuwa tayari kimeshafasiri. Pale kiliomboleza mji wake chenyewe.

Aidha, upo mfano wa karibu zaidi na Kakuma. Ibada ya Ushirika Mtakatifu iliyotolewa na Kanisa la Kianglikana la Kenya mwaka 1989 ina baraka ya mwisho iliyojengwa juu ya maombi ya jadi ya Waturkana, ambapo watu huipunga mikono na kuyaondoa matatizo yao. Waturkana hawakufasiriwa kitu hapo. Kitabu ndicho kilichoinama kusikiliza. Nayo Kakuma iko katika nchi ya Waturkana.

Kwa maoni yangu, hili ndilo funzo kuu la kazi ya Nikkel kwetu: lugha huwa ya watu siku wanapotunga kwayo, na wala haiwi yao kwa sababu tu wamefasiriwa au wamefaulu mtihani wake. Wadinka walikuwa na sala katika lugha yao kwa miongo kadhaa. Sala zile zilikuwa za kanisa. Zilianza kuwa zao pale mwanamke asiye na cheo alipofungua kinywa na kusema msiba wake kwa mahadhi yake, na wenzake wakampokea.

Hitimisho na mapendekezo

Je, tufanye nini? Napendekeza mambo matatu kwa idara yetu na idara dada.

Kwanza, matini za ibada za Kiswahili, za Kikristo kama zile za Kiislamu, ziingie katika kozi za fasihi na za tafsiri. Mwanafunzi anayeweza kuchambua Al-Inkishafi aweze pia kuchambua Kitabu cha Sala: nani alifasiri, alichagua lahaja gani, ni wapi Kiswahili kimekubali na wapi kimekataa. Hilo halihitaji imani, linahitaji sikio.

Pili, tushirikiane na walimu na wanafunzi wa Sudani Kusini katika kukusanya nyimbo za lugha zao, Kidinka, Kinuer, Kibari na nyinginezo, tukianza na fani ambayo Nikkel aliiacha. Kiswahili kitumike kuzieleza nyimbo hizo, na wenye nyimbo wawe ndio waandishi wa maelezo.

Tatu, na hili linanihusu mimi kwanza, tujifunze kuiweka chini kalamu nyekundu kwa wakati wake. Sisemi tuache kufundisha upatanisho wa kisarufi. Mwanafunzi anayetaka kazi ya ukalimani au ualimu ana haki ya Kiswahili sanifu. Lakini mtu anayekusimulia kifo si mtahiniwa. Kiswahili cha Kakuma, pamoja na “wimbo ya mama moja” yake, ni lugha ambayo watu waliitumia kugawana maji, kuulizana habari za waliopotea na kuzikana. Iwapo siku moja itatungwa kwa Kiswahili nyimbo itakayoweza kuimbwa na Mdinka na Mnuer mbele ya kaburi moja, sina hakika kwamba itatungwa kwa Kiswahili changu.

Kozi ile ya Juba ilikwisha. Mwanafunzi wangu alipata alama nzuri sana katika ngeli. Maana ya wimbo wa Thongpiny sikumwuliza tena, kwa kuona haya, nami nahesabu kwamba somo lile nililifeli mimi. Nikijaliwa kurudi nitamwuliza, na safari hii nitakaa kimya hadi amalize.

Wasomaji wenye maoni tofauti, hasa waliofundisha Juba au Kakuma, wanakaribishwa kuyaleta kwa ajili ya toleo lijalo.